Alasiri ya Mgeni Aliyekataa Kula

Mji ule ulikuwa na jina, ila jina lenyewe lilikuwa na tabia ya kuhama. Asubuhi ungelisikia upande wa sokoni, adhuhuri limekwenda kukaa makaburini, na jioni hakuna aliyejua limelala kwa nani. Wenyeji wakachoka kulifukuza, wakawa wanasema tu Hapa. Hapa watu walizaliwa, Hapa waliugua, na Hapahapa, juu ya kilima ambacho siku nyingine kilikuwa bonde, palisimama Jumba la Upungufu, lililogawa dawa kwa wasio na uwezo wa kuzinunua.

Na lisifiwe Jumba hilo kabla halijalaumiwa, maana kitu chema kina haki ya kutajwa kwanza kwa wema wake. Lilijengwa na watu waliokaa chini wakaulizana: kwa nini mtu afe na dawa ipo? Ni swali zuri, na ni miji michache iliyothubutu kulichonga juu ya mlango. Lakini wakaja wengine baadaye, wakachonga swali la pili chini ya lile la kwanza: tutajuaje kama kweli hana? Tangu siku hiyo maswali hayo mawili yamekuwa yakitazamana kama wake wenza, na anayepita katikati yao ni mgonjwa.

Somoe alikuwa mke wa Faki, fundi magodoro. Faki alikuwa ameshindilia sufi katika magodoro ya mji mzima, hata ikawa hakuna aliyeota ndoto Hapa ila juu ya kazi ya mikono yake. Sasa miguu ilimvimba, pumzi ilimkatika akitoka kitandani kwenda mlangoni, na daktari akasema moyo umepanuka. Habari zilipofika mtaani kwamba moyo wa Faki umekuwa mkubwa, Bi Mauwa, jirani wa ukuta mmoja, alijibu, "Hilo mbona tunalijua siku zote? Mwambieni daktari atuletee jipya." Watu wakacheka, Faki naye akacheka mpaka akakohoa, na alipokohoa kicheko kikaisha.

Vidonge vilimfaa. Akivipata, miguu hunywea na usiku hulala. Akivikosa, maji humpanda kifuani na hulala ameketi, kama mtu anayesubiri kuitwa. Duka la dawa liliviuza, kibati cha Faki kilikuwa karibu kitupu, na Somoe hakuwa na cha kununulia vingine. Jambo lenyewe ni hilo. Mengine yote katika kisa hiki ni kivuli chake.

Akapanda Jumbani. Foleni ya pale haikwenda mbele wala nyuma, ilikwenda ndani: kadiri ulivyosimama ndivyo ulivyozama katika umri wako. Mzee aliyemtangulia alifika dirishani akiwa kijana, akaulizwa anaumwa nini, akasema haumwi, akarudi zake nyumbani akizeeka njiani. Somoe alipofika alikuwa msichana wa siku aliyoposwa, mikono inanuka hina, na ilimbidi ajikumbushe kwa nguvu. Mimi ni mke wa mtu. Mtu huyo anaumwa. Nimekuja kwa ajili ya pumzi yake.

"Una nini?" iliuliza sauti ya dirishani.

"Sina kitu, baba."

"Kila mtu husema hivyo, mama. Mpimaji atakuja kwako kesho alasiri. Akikukuta huna, utapata."

Alishuka kilima akiyatafuna maneno hayo. Ukikutwa huna, utapata. Kwa hiyo kuna siku katika maisha ya mtu ambayo kutokuwa na kitu ndicho kitu pekee alichonacho, na sharti akilinde kisipotee. Aliona ni mazito lakini ni ya haki, na moyoni aliwashukuru. Kisha akafanya kosa. Alipokuwa anapita kwa Bi Mauwa aliulizwa mbona uso umekunjuka, akasema, "Kesho nina mgeni. Anatoka Jumbani, anakuja kupima."

Katika mtaa wa Somoe, neno "mgeni" likishatamkwa, yanayofuata hayasikiki tena.

Lazima ifahamike ada ya watu wale. Mgeni kwao hakuwa wa nyumba moja. Akiingia mlango wa fulani ameingia milango yote, na aibu ya mkeka uliotoboka ni ya mtaa mzima. Kwa hiyo kila aliye na kitu kizuri hukipeleka, mgeni akakikalia, akakinywea, akakikanyaga. Mwenye nyumba haruhusiwi kukataa, wala haruhusiwi kumwambia mgeni kwamba kitu ni cha kuazima, kwani huko ni kuwavua nguo waliokuvika. Chombo huazimwa lakini tonge haliazimwi: chakula sharti kiwe cha mwenyeji mwenyewe. Mgeni akishakula, wakati bado ananawa mikono, wenye vitu huja mmoja mmoja kuchukua chao na kumwambia, "Na mimi nilikukaribisha." Hapo ndipo mgeni hujua amekaribishwa na wangapi. Wako wanaosema nguo ya kuazima haisitiri matako. Aliyesema hivyo hakupata kukaa mtaa ule.

Asubuhi hata umande haujakauka, fundi Ngwali seremala aliingia na kiti cha mikono, alichokichonga kwa harusi yake. Bi Mauwa akaja anachechemea na zulia jekundu begani. Wakafuata wa sinia la shaba, wa mapazia, wa saa ya ukutani, wa sahani za maua ambazo wali juu ya maua yake ulikuwa haujaonekana tangu Mungu ajue lini.

"Jamani," alisema Somoe, "huyu anakuja kupima upungufu wangu!"

"Ndiyo maana," alijibu Ngwali, akifuta kiti kwa kanzu yake. "Apime vizuri, akiwa amekaa."

"Ngwali, hunielewi."

"Nakuelewa sana, dada. Mtu akutembelee wewe, mume kitandani, akae chini? Sisi tumekufa?"

Ndani ya Somoe maneno yalikwenda mbio yakigongana. Nikatae. Nikatae vipi? Nimwambie Mauwa aliondoe zulia lake, yeye aliyeosha miguu ya mume wangu nilipokuwa sokoni? Nimwambie pendo lako leo linaniponza, lirudishe kesho? Kuna ulimi wa kusema hivyo? Kama upo, sikuzaliwa nao. Faki, sema wewe. Faki alikuwa amelala upande wa ukuta akiwatazama watu wakiingia na kutoka, na machozi yalikuwa yamemjaa, ya furaha.

Mpimaji alikuja saa yake. Alikuwa mtu asiye na uso wake mwenyewe: kila aliyemtazama aliona sura ya mtu wake. Somoe alimwona kaka yake aliyepotea, Faki akamwona mwalimu wake wa chuoni. Alivua viatu, akasalimia kwa adabu, akaketi kwenye kiti cha Ngwali pale alipoonyeshwa. Kisha akaitundika mizani yake katikati ya chumba. Ilikuwa mizani ya kupimia nyumba. Haikuhitaji kubebeshwa kitu. Ilining'inia tu hewani, na mshale wake ukaanza kutembea.

Ulipita zulia. Ukapita sinia na saa. Ukauvuka mstari mwekundu, ule unaotenga asiye nacho na aliye nacho, bila kusita, kama mbuzi avukavyo uzio wa jirani, ukasimama mbali sana.

"Mama," alisema Mpimaji kwa upole, "unacho."

Somoe kusema hawezi, kunyamaza ni kumzika mumewe. Akabaki na njia moja tu, ile ya ada. Akasema, "Karibu chakula, baba."

"Nashukuru, mama. Sisi hatuli katika nyumba tunazopima. Ndiyo sheria."

Sheria nzuri, tena. Iliwekwa ili mwenye biriani asimshinde mwenye muhogo. Lakini mwekaji wake hakuwa mtu wa mtaa ule, hakujua kwamba pale mgeni ambaye hajala hawezi kuondoka. Mpimaji aliinuka kwenda zake, akafika mlangoni, akajikuta ameketi kwenye kiti. Akainuka tena, na tena akajikuta ameketi. Nje jua lilisimama pale pale lilipokuwa, usawa wa mnazi, na mnazi nao ukaacha kutikisika. Kuku aliyekuwa anavuka uchochoro alibaki na mguu mmoja juu. Saa ya ukutani, kwa kuwa ilikuwa ya kuazima na ina adabu, ikanyamaza.

Ikawa alasiri isiyokwisha.

Mwanzo Somoe aliogopa. Kisha akamtazama Faki, na hofu ikageuka kitu kingine, kitamu. Faki alikuwa katikati ya pumzi mbili. Hakuhema, wala hakuhitaji kuhema. Maji hayakumpanda, miguu haikuvimba zaidi. Katika alasiri hii hakuna kidonge kinachopungua, maana hakuna alfajiri ya kukimeza. Basi na iwe hivi, aliwaza. Mgeni asile. Nitamkaribisha kila mara kwa sauti ndogo, atakataa, na mume wangu hatakufa. Nani mwingine mtaani ana mume asiyekufa? Nimepata kuliko nilichoomba. Na alikaa hivyo kwa muda ambao haukuwa muda, mwanamke aliyeshinda, na Mungu amsamehe atakayemcheka.

Lakini mkono wa Faki ulikuwa umenyooshwa kumwelekea. Alikuwa ameanza kumshika bega, kumwambia bila maneno kwamba hata tukikosa, tumekaa pamoja. Mkono ulisimama hewani. Somoe aliusogelea akaweka bega lake chini ya kiganja, na kiganja hakikumjua. Kilikuwa na joto kama jiwe la juani, lakini hakikumjua. Hapo akajua kwamba mume asiyekufa namna ile si mume, ni picha ya mume, na yeye hakuolewa na picha. Akalia, akajifuta, akaenda jikoni. Kati ya yote aliyoyafanya Somoe maishani mwake, hilo la kwenda jikoni ndilo linalostahili kuimbwa.

Alirudi na sahani ya maua, na juu ya maua vipande vya muhogo wa kuchemsha.

"Kula, mwanangu."

"Mama, nimekwambia sheria."

"Nimeisikia. Niambie na wewe. Nyumba ngapi umeondoka bila kula?"

Uso wa Mpimaji ulibadilika upesi upesi, kaka, mwalimu, mtu wa sokoni, mtu wa mbali. "Zote," alisema mwisho. "Na sijui kama nimeondoka. Nikilala nakuwa bado nimeketi katika kila moja. Kuna bibi mmoja ambaye mpaka leo ananiambia karibu, na mimi mpaka leo nakataa. Nimechoka, mama. Kila mtu ananiita jina la mtu wake. La kwangu silikumbuki."

Yawezekana hayo ndiyo maradhi ya kila mwenye mamlaka, hata yule mwenye nia safi: anaingia nyumba zote na hakai hata moja. Anajua kila mtu ana nini, na hajui ladha ya kitu chochote. Somoe hakuyafikiri hayo. Alimwona kijana mwenye njaa.

"Umepima viti," alimwambia. "Nyumba hujaipima. Nawa."

Akanawa. Alimega kipande, akakitia mdomoni, akatafuna polepole. Akasita.

"Hauna chumvi."

"Moyo wa Faki hautaki chumvi."

"Na nazi?"

Somoe alitazama chini.

"Lakini huu ni wa kwako, mama, si wa mgonjwa. Wewe una maradhi gani ya kukataa chumvi?"

"Sina maradhi. Yeye hali chumvi, mimi niile peke yangu, itapita kooni?"

Mpimaji alimeza. Na alipomeza, uso wake ulitulia. Haukuwa tena wa kaka wala wa mwalimu. Ulikuwa wa kijana mwembamba mwenye ndevu chache, masikio makubwa kidogo, ambaye hakuna aliyepata kumwona. "Naitwa Machano," alisema, akishangaa. Alimaliza sahani yote, mpaka maua yakaonekana.

Kuku akashusha mguu. Saa ikagonga. Pumzi ya Faki ikashuka kwa kishindo, na mkono wake ukafika begani kwa mkewe.

Machano alikuwa bado ananawa walipoanza kuja. Wa mapazia alipanda juu ya ndoo akayashusha, akamwambia, "Na mimi nilikukaribisha, baba." Wa sinia akachukua sinia, wa saa akachukua saa, na kila mmoja alisema neno lile lile. Ngwali alisimama mbele yake akijikuna shingo.

"Samahani, bwana. Kiti."

Machano akainuka. Bi Mauwa akakunja zulia taratibu kutoka chini ya miguu yake, na chini ya zulia kulikuwa na udongo uliofagiwa. Katika chumba kilibaki kitanda cha kamba, mtungi, kibati cha vidonge na watu wawili walioshikana. Mshale wa mizani ulikuwa unarudi hatua kwa hatua kila mlango ulipopitisha mtu. Ulivuka mstari mwekundu kuja huku, ukashuka mpaka chini kabisa, ukatetemeka pale.

"Mama, huna," alisema Machano. "Dawa mtapewa, kesho na kila mwezi, muda wote atakaozihitaji." Somoe aliitikia kwa kichwa tu. Faki ndiye aliyesema, "Asante, mwanangu. Muhogo ulikuwaje?"

"Mtamu, baba," alisema Machano, na hakuwa anadanganya.

Angeweza kwenda zake sasa. Lakini aliona Bi Mauwa anavyochechemea na zulia, akampokea kulibeba, na Somoe akawafuata. Mlango wa Bi Mauwa ulikuwa hatua chache tu. Machano aliingia, akalitandika zulia mahali alipoonyeshwa, akainua macho atafute vitu vingine. Hapakuwa na vingine. Alitoka nje, akachungulia kwa Ngwali: kiti kimesimama peke yake katikati ya chumba, na mke wa Ngwali ameketi sakafuni akichambua mchicha. Akachungulia kwa mwenye sinia, kwa mwenye saa. Ndipo alipoelewa alichokuwa amekipima. Kila nyumba ilikuwa imetoa kitu chake kimoja kizuri, cha pekee. Utajiri wote ule uliouogopesha mshale ulikuwa ufukara wa mtaa mzima uliowekwa katika chumba kimoja kwa ajili ya heshima yake.

Somoe yeye alikuwa anatazama mguu wa Bi Mauwa. Alikuwa ameuona ukichechemea tangu asubuhi, na hakuuliza. Mauwa alipoketi, kanga ilipanda, na kidonda kikaonekana, cheusi pembeni.

"Mauwa! Sukari?"

"Sijambo mie."

"Unameza dawa?"

"Nameza zikiwapo."

"Na kwa nini hukupanda Jumbani?"

Bi Mauwa alivuta kanga chini. "Nikaseme sina? Mie, mwenye zulia?" Kisha, kwa sauti ya chini, "Wewe una Faki. Ukiulizwa una nini, unasema nina mgonjwa. Mie nitasema nini, Somoe? Wakiingia humu wataona."

Somoe aliketi karibu naye kwenye zulia. Aliona haya kuliko alivyopata kuona maishani, kwamba mwanamke huyu alimwazima kitu alichokuwa anajifichia. Alimshika mkono. Machano alisimama mlangoni, akasema kwamba kesho alasiri atapita, Mungu akipenda, na kwamba atakula.

Siku ya pili mtaa ulifanya jambo gumu kuliko yote uliyopata kufanya. Haukuleta kitu. Ni rahisi kusema, lakini nendeni mkaulize watu wale ilivyokuwa. Ngwali alikifunga kiti chake kwenye mguu wa kitanda kwa kamba ya katani, asije akasahau. Mwenye sinia alimpa mumewe ufunguo wa nyumba akamwambia, nikikuomba usinipe. Wote walitoka wakasimama nje ya nyumba ya Bi Mauwa, mikono mitupu, wakiwa hawajui waiweke wapi, na wengine walishikana ili mikono ipate kazi. Faki aliletwa na kitanda chake, akawekwa kivulini. Alikuwa amekwisha kumeza dawa, na miguu ilianza kunywea.

Machano alitokea mwisho wa uchochoro, na uso wake ukawa wake mwenyewe kwa kila aliyemtazama. Alipiga hodi. Ndani kimya. Akapiga tena.

"Sifungui," ilisema sauti ya Bi Mauwa nyuma ya ubao. "Somoe, yuko hapo? Mwambie arudi siku nyingine. Nyumba tupu hii. Mgeni aingie akute nini?"

Somoe aliweka kiganja chake juu ya mlango.

"Akukute wewe, Mauwa. Sisi sote tuko hapa nje."

Kisha komeo likasikika likivutwa.